Spika Ngumu na Amplifaya Yenye Wati Nyingi

Katika maduka ya mitambo ya muziki, iwe Tarime mjini, Mugumu au Mwanza, mazungumzo huanza na kuishia kwenye wati. Muuzaji anataja tarakimu, mnunuzi anailinganisha na ya duka la jirani, na amplifaya yenye sifuri nyingi ndiyo inayopakiwa garini kwenda Nyamongo, Nyakunguru au Sirari. Baada ya harusi mbili tatu twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimeungua, amplifaya inajizima kila besi inapopigwa, na lawama zote zinaangukia spika: zilikuwa feki. Huenda kweli zilikuwa feki, maana soko halikosi hizo. Lakini mara nyingi spika na amplifaya zote zilikuwa nzima, na kilichokosewa ni namna zilivyokutanishwa. Amplifaya ilipewa mzigo isioumudu, kupitia waya usiofaa, kwa umeme usiotosha. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni ahadi yenye masharti, na masharti yake ni ukinzani wa spika, mkondo ambao amplifaya inaweza kuutoa, na volti zinazoingia kutoka ukutani. Anayenunua wati bila kuuliza masharti hayo ni kama mkulima anayehesabu ng'ombe wa plau bila kuuliza shamba ni la kichanga au la mfinyanzi.

Masharti haya yameshughulikiwa kwa undani zaidi na watu ambao harusi ya kijijini haikuwa akilini mwao hata kidogo: wapenzi wa muziki wa sebuleni huko Ulaya na Marekani wanaotumia spika bapa. Spika ya kawaida ina koni ya karatasi au plastiki inayosukumwa na koili iliyo katikati ya sumaku. Spika bapa haina koni. Ina utando mwembamba mno, mpana kama mlango, unaotikisika wote kwa pamoja, na wapenzi wake husema sauti yake haina harufu ya kasha. Mwaka 1957 Peter Walker wa Huntingdon, Uingereza, alianza kuuza Quad ESL, ambayo utando wake huvutwa na kusukumwa na umemetuli wa maelfu ya volti. Mwaka 1969 Jim Winey alianzisha Magnepan huko Minnesota, Marekani, kwa njia nyingine: nyaya zimegandishwa juu ya utando, na utando umewekwa mbele ya safu za sumaku. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Apogee, pia ya Marekani, ikaja na utepe wa alumini. Zote tatu zilisifiwa kwa sauti, na zote tatu zilipata sifa ya kuwa mzigo mgumu kwa amplifaya. Cha kuangalia hapa ni kwamba ugumu wenyewe ulitofautiana sana kutoka spika moja hadi nyingine, na hapo ndipo tarakimu ya wati inapoanza kupoteza maana.

Tuanze na Quad. Kwa macho ya amplifaya, spika ya umemetuli ni kapasita iliyowekwa nyuma ya transfoma ya kupandisha volti. Kapasita hupunguza ukinzani wake kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, kwa hiyo Quad ile ya mwanzo, iliyotajwa kuwa ya omu 16, hushuka hadi karibu omu 2 kwenye sauti nyembamba kabisa. Halafu haitaki volti nyingi: ukiipa zaidi ya volti 33 za kilele, cheche zinaweza kuruka ndani na kutoboa utando. Amplifaya ya vali ya Walker mwenyewe ilikuwa na wati 15 kwa kila upande, na ilitosha. Mtu aliyeiwekea amplifaya ya wati 200 kwa kudhani anaisaidia aliipeleka kaburini. Apogee Scintilla ni kinyume chake. Haikuwa na hila za kapasita, ila katika mojawapo ya namna za kuiunganisha iliiletea amplifaya omu 1 tu, na kwa hiyo ikadai ampea nyingi ambazo amplifaya za wakati ule hazikuwa nazo. Jina la Krell, kampuni iliyoanzishwa Connecticut mwaka 1980, lilijengwa kwa sehemu kubwa na uwezo wake wa kuzidisha wati mara mbili kila ukinzani unapopungua kwa nusu, jambo ambalo kwenye karatasi linaonekana la kawaida lakini kwa vitendo ni amplifaya chache zinazoliweza. Magnepan, nayo, ina ukinzani uliotulia, karibu omu 4 mwanzo hadi mwisho. Ugumu wake ni ubahili: ukiipa volti 2.83 na kuipima kwa umbali wa mita 1, inatoa karibu desibeli 86 tu.

Desibeli hizo 86 zinastahili hesabu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwa nini spika bapa haitafungwa kwenye sherehe yoyote ya Tarime. Tuseme tunataka desibeli 95 kwa msikilizaji aliye umbali wa mita 4. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo mita 4 zinatugharimu desibeli 12, na spika lazima itoe desibeli 107 pale mbele yake. Spika bapa ya desibeli 86 itahitaji karibu volti 32, ambazo kwenye omu 4 ni wati 250. Boksi la kawaida la ukumbini la omu 8, lenye uwezo wa desibeli 97 kwa wati 1, litahitaji wati 10. Honi ya desibeli 108 haitafikisha wati 1. (Utando mpana hupoteza sauti kwa umbali polepole kidogo kuliko boksi, kwa hiyo hesabu hii inaionea spika bapa kiasi, hata hivyo haiigeuzi kuwa ya kufungia harusi.) Ongeza vumbi la barabara za changarawe, ambalo utando wenye maelfu ya volti hulivuta, na mtu ana haki ya kuuliza: spika za sebuleni huko Minnesota zinatufundisha nini sisi wa Mto Mara, ambako mabox yetu ni yale yanayotoa sauti kubwa kwa wati chache?

Zinatufundisha kwa sababu spika ngumu hatuinunui; tunaitengeneza wenyewe uwanjani. Boksi moja la omu 8 ni mzigo mwepesi ambao karibu amplifaya yoyote inaubeba. Lakini watu wameongezeka, kwaya jirani imeazimisha mabox yake, na fundi anayachukua manne na kuyaunga sambamba, waya kutoka boksi hadi boksi, kila moja likichomekwa nyuma ya lenzake. Nane gawanya kwa nne: omu 2. Kwa amplifaya, manne hayo sasa ni ndugu wa Scintilla. Na omu 8 yenyewe ni jina tu. Ukinzani wa boksi hupanda sana pale wofa, yaani spika ya besi, inapopata mwangwi wake wa asili chini kabisa, kisha hushuka hadi karibu omu 6 mahali fulani kati ya hetzi 100 na 300, ambapo ndipo unene wa sauti ya mwanamume na mwili wa besi nyingi ulipo. Kwa hiyo mabox manne yanaweza kuifikisha amplifaya omu 1.5, na si kwa sauti ya nadra, bali kwa sauti inayopigwa muda wote. Kisha kuna wanaobriji amplifaya, yaani kuunganisha pande zake mbili zisukume mzigo mmoja. Amplifaya iliyobrijiwa, kila upande wake huuona mzigo kama nusu: boksi la omu 8 huwa omu 4, mawili yaliyoungwa sambamba huwa omu 2, na manne huwa omu 1. Fundi anayebriji ili apate wati zaidi, halafu akaunga mabox manne, ameitengenezea amplifaya yake mzigo ambao Krell ingetangaza kwa fahari kuuweza.

Tuweke tarakimu. Amplifaya ya wati 500 kwenye omu 8 hutoa karibu volti 63. Kama ingekuwa kamilifu, kwenye omu 4 ingetoa wati 1,000 na ampea karibu 16, na kwenye omu 2 wati 2,000 na ampea karibu 32. Amplifaya nyingi za bei ya kati haziko hivyo. Transista zake na transfoma yake zimepangiwa omu 4, na chini ya hapo ama kinga inakata, ama, kama kinga ni dhaifu, transista zinaungua. Ndiyo maana swali la maana dukani ni kutaka tarakimu za omu 8, 4 na 2, kisha kuziweka pamoja. Amplifaya inayotoa 500, 900 na 1,500 inasema ina mkondo. Inayotoa 500, 650 na kunyamaza kwenye omu 2 imeshajibu, hata kama sifuri zilizo kwenye boksi ni nyingi. Dawa ya bure nayo ipo: mabox manne yanaweza kuungwa mawili mawili kwa mfuatano, kisha jozi hizo mbili zikaungwa sambamba, na mzigo ukarudi omu 8. Utapoteza sauti kiasi, lakini amplifaya itafika mwisho wa sherehe.

Waya ndiyo sehemu isiyopewa heshima, na hapa spika bapa na mtambo wa kijijini vinagawana tatizo lilelile. Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, ule mwembamba wa taa ambao mafundi wengi hukimbilia kwa sababu unapatikana kila duka la vifaa vya umeme, una ukinzani wa karibu omu 0.023 kwa kila mita. Kutoka meza ya mitambo hadi mabox ya upande wa pili wa uwanja ni mita 30. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60, karibu omu 1.4. Boksi likiwa la omu 8, waya unakula asilimia 15 ya nguvu yote. Mzigo ukiwa omu 2, waya unakula asilimia 41, na nguvu hiyo haiendi kwenye masikio ya mtu, inapasha moto plastiki ya waya. Mara nyingi pia maungio yamesokotwa kwa vidole na kufungwa gundi ya plastiki, na kila ungio linaongeza ukinzani wake mdogo ambao kwenye omu 2 haubaki mdogo. Badilisha waya uwe wa milimita 2.5 na upotevu unashuka hadi asilimia 17 kwa mzigo uleule. Hakuna amplifaya ya bei hiyo itakayokupa ongezeko kama hilo. Wapenzi wa spika bapa huko nje wametumia fedha nyingi mno kwenye nyaya, nyingine zikiwa ushirikina mtupu, lakini chanzo cha wasiwasi wao kilikuwa hesabu hii halali: mzigo wa omu chache hausamehe waya mwembamba.

Kuna mtambo mmoja wa kijijini ambao ulitatua jambo hili zamani, nao ni ule wa honi za msikitini, kanisani na kwenye magari ya matangazo ya mnada na kampeni. Amplifaya za aina hiyo, zikiwemo zile za Ahuja kutoka India, nyuma huwa na tundu lililoandikwa volti 100 mbali na matundu ya omu 4 na 8. Kila honi ina transfoma yake ndogo inayoshusha volti hizo. Honi nne za wati 30 kila moja zikiungwa sambamba kwenye laini ya volti 100 hutoa mzigo wa omu 83, na ule waya mwembamba wa mita 30 unakula chini ya asilimia 2. Ni akili ileile inayoifanya TANESCO isafirishe umeme kwa volti 33,000 na kuushusha karibu na nyumba. Kwenye Quad transfoma ndiyo iliyoleta ugumu. Kwenye honi transfoma ndiyo iliyouondoa. Kifaa ni kilekile, tofauti ni upande ambao mbunifu aliamua kuubebesha mzigo. Makosa yanayofanyika hapa ni ya kuchanganya: honi yenye transfoma inachomekwa tundu la omu 8 na haitoi sauti ya maana, au boksi la omu 8 lisilo na transfoma linachomekwa tundu la volti 100 na linaungua mara moja.

Sasa umeme wenyewe. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu ya kijiji, mashine ya kusaga ikiwa inafanya kazi jirani, haipati volti 230. Tuseme inapata 190. Amplifaya ya transfoma ya kawaida haina namna ya kujirekebisha: volti za ndani zinashuka kwa uwiano uleule, na wati 500 zinakuwa karibu 340. Cha ajabu ni kwamba sikio halitambui sana, kwa sababu tofauti hiyo haifiki desibeli 2. Anachotambua mpiga mitambo ni kwamba leo mtambo hauna ngumi, kwa hiyo anapandisha. Taa nyekundu ya onyo inaanza kumeta, kisha inawaka bila kuzima. Hapo vichwa vya mawimbi vinakatwa, na wimbi lililokatwa vichwa hadi kuwa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi la urefu huohuo. Sehemu ya nguvu hiyo imegeuka kuwa sauti nyembamba ambazo haziendi kwenye wofa, zinakwenda kwenye twita yenye koili nyembamba kama unywele. Hivi ndivyo amplifaya ndogo inavyounguza spika kubwa, jambo ambalo wengi hulikataa kwa sababu linapingana na hesabu za wati. Magnepan huweka fyuzi ya kulinda twita zake kwa sababu hiyohiyo. Fyuzi hiyo ikikatika, mwenye haraka huweka kipande cha waya mahali pake, na tabia hiyo haijui mipaka ya nchi.

Jenereta ina hadithi yake. Muziki si mlio mmoja unaoendelea. Kwa kawaida wastani wake ni kama sehemu moja ya nane ya kilele, na ndiyo maana jenereta ya kVA 2.5 inaweza kulisha amplifaya ambayo kwenye karatasi inaizidi. Lakini muziki uliokatwa vichwa, au nyimbo za siku hizi zilizobanwa studio hadi hazina bonde wala mlima, hufikisha theluthi. Chukua amplifaya ya pande mbili inayoweza kutoa wati 2,000 kila upande kwenye omu 2. Theluthi yake ni kama wati 1,300, na amplifaya ya mtindo wa zamani hula karibu mara mbili ya inachotoa. Jenereta ile, ambayo kwa kweli inatoa wati 2,000 hivi, imeshashindwa. Dalili yake haihitaji mita: taa za turubai zinafifia kila ngoma ya besi inapogonga.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba haya yote yanatatuliwa kwa kununua kubwa zaidi. Nusu ya hoja hiyo nakubaliana nayo. Amplifaya yenye akiba haikati vichwa, na boksi hufurahia akiba hiyo. Ila akiba inayotegemea umeme ambao haupo ni akiba ya kwenye karatasi, na akiba inayopitia waya wa taa inaishia kwenye waya. Wengine watasema amplifaya za kisasa za daraja D zimemaliza mjadala. Hizo kweli zimebadilisha mambo: hugeuza umeme kuwa sauti kwa ufanisi unaoweza kufika asilimia 90, ni nyepesi, na nyingi zina pawasaplai inayojirekebisha volti zikishuka. Kwa kijiji cha mwisho wa laini, huo ndio ununuzi bora zaidi ninaoweza kuutetea. Hata hivyo hazifuti sheria ya mkondo. Nyingine zimetangazwa kwa wati za kilele za sekunde chache tu kabla kinga haijapunguza, na kichujio cha kutokea sauti ndani yake hubadilisha tabia kadiri mzigo unavyobadilika, jambo linalowafanya wenye spika za umemetuli wawe waangalifu nazo. Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito: mafundi wetu hufunga mitambo kwa sikio na uzoefu, bila hesabu, na sherehe zinaisha salama. Ni kweli, na sababu ni kwamba boksi la ukumbini ni lenye huruma. Lina desibeli nyingi, kwa hiyo makosa ya asilimia 40 bado yanasikika kwa sauti kubwa. Huruma hiyo huisha siku mabox yanapoongezwa na uwanja unapopanuka, na sikio halitoi onyo kabla.

Litungu linaonyesha gharama ya huruma hiyo. Kinubi hiki cha Wakurya, chenye nyuzi nane na tumbo kubwa la mbao, ni kizito kwa sauti kuliko ndugu zake wengi wa ukanda wa Ziwa, na ukimsikiliza mpigaji karibu, ule mngurumo wa nyuzi za chini ndio unaobeba wimbo wote. Ukiweka maiki mbele yake na kulipeleka kwenye mabox manne yaliyoungwa sambamba, sehemu kubwa ya mngurumo huo inaangukia palepale ambapo ukinzani wa mabox uko chini kabisa na mkondo unadaiwa zaidi. Amplifaya iliyochoka haiui sauti yote. Inaacha mlio wa kucha kwenye uzi, inaacha maneno ya mwimbaji, na inakula mngurumo, hadi litungu linasikika kama gitaa la bei rahisi. Msikilizaji wa umri mdogo aliyekulia kwenye mitambo hiyo anaweza kudhani ndivyo chombo kilivyo. Wapenzi wa spika bapa wamekuwa wakilalamikia kitu hichohicho kwa piano, kwamba amplifaya isiyo na mkondo hukonda katikati ya sauti kabla haijafika mwisho wa nguvu zake, na watu wakawacheka kwamba wanasikia mambo ya kufikirika.

Kamati ya kwaya yenye fedha za kununua kitu kimoja mwaka huu ingefanya vizuri kuanza na mita ya kupimia umeme (multimita) ya bei ndogo na rola la waya wa milimita 2.5. Boksi zima la omu 8 husoma kati ya omu 5.5 na 7 kwa mita. Ukipima kwenye ncha ya waya pale amplifaya inapochomekwa, mabox yote yakiwa yameshaungwa, na ukasoma 1.7, basi hiyo ndiyo spika amplifaya yako itakayoiona jioni nzima, haidhuru migongo ya mabox imeandikwa nini. Ukisoma chini ya 3 na mwongozo wa amplifaya unaishia omu 4, ondoa mabox mawili au uyaunge upya kwa mfuatano kabla wageni hawajafika. Kisha pima tundu la ukutani, kwanza mashine ya kusaga ikiwa imezimwa, na tena ikiwa inaunguruma.